Makaa Juu ya Mfuniko

Leo nimeshindwa kusema maneno mawili tu: "Bibi, acha."

Mama alisema skonzi na pizza zangu zikiiva vizuri, ataniruhusu kujifunza kazi kwenye bekari ya mtaa wa Nyamirambo.

Hatuna oveni. Naoka kwenye sufuria, makaa chini, makaa mengine juu ya mfuniko.

Bibi akapita. "Nani huyu anapikia mfuniko?" Akayarudisha yote chini.

Nyinyi mngemkataza bibi yenu?

Skonzi zikaungua chini, juu mbichi.

Bibi alipoona machozi yangu akaniuliza, nikamweleza. Basi pizza akailinda mwenyewe, koleo mkononi. Hata shangazi alinyimwa kaa la pasi.

Mama alipoingia, Bibi akamwambia, "Skonzi nimeziunguza mimi. Onja pizza hii ya mtoto."

Mama akala vipande viwili. Kisha akauliza bekari wanafungua saa ngapi.