Jirani wa Kuepukwa

Saa nne asubuhi, fundi cherehani mwenye miaka 61 anafunga mlango, anazima redio na kushika simu. Gauni la mteja limebaki chini ya sindano, mkono mmoja bado. Saa nzima inayofuata ni ya kina mama kumi na wanne wa kikundi chake cha mtandaoni, wote wamevuka hamsini, wote wanaishi na virusi vya ukimwi. Huandikiana tu, bila sura wala majina. Yeye huitwa Shangazi.

Kazi hiyo ya kuwasikiliza na kuwaliwaza haina mshahara. Anapewa kifurushi cha intaneti cha mwezi, basi. Mwenyewe anameza dawa mwaka wa kumi na tisa sasa. Kikundini wanajua, mtaani hakuna anayejua.

"Mimi mdomo ninao," anacheka. "Ya watu nasema. Yangu nimeyafungia."

Kwa miezi mitano mmoja wao, anayejiita Bibi Maua, alilalamika kikundini juu ya jirani yake mbea. Vidonge vikilia kwenye kopo, jirani anauliza kinacholia ni nini. Kwa woga, Bibi Maua akaanza kuruka dozi.

"Nikamwambia mwepuke huyo mwanamke, hana utu," anasema Shangazi.

Mwezi uliopita Bibi Maua alipiga simu kwa mara ya kwanza. Wiki tatu hajagusa dawa, amechoka, bora afe. Shangazi aliyasikia maneno hayo sikioni, na pia ukutani, kutoka chumba cha jirani yake.

"Yule mbea ni mimi. Nilitamani ardhi inimeze."

Hakuthubutu kujibu kwa sauti. Akaandika: "Nipo, nakusikiliza." Hawa wawili wamekopeshana chumvi miaka minane.

Sheria ya kikundi ni kali, siri ya mwenzako haitoki. "Ya kwake nisingeigusa," anasema. "Ya kwangu je, nani angenizuia?"

Akaenda, akagonga. "Dada, mimi naishi na virusi. Mwaka wa kumi na tisa."

Bibi Maua, aliyeridhia haya yaandikwe, alikuwa bado ameshika simu. "Nikamuuliza, kumbe Shangazi ni wewe? Nikamtukana weee. Nilipomaliza nikamwomba maji ya kumezea dawa."

Jumatatu ni siku ya majibu ya damu ya Bibi Maua, ijulikane kama dawa bado zinamfaa. Shangazi ameahirisha kazi zote amsindikize kliniki.

"Naomba ziwe zinafanya kazi," anasema. "Kama zimegoma, mimi ndiye niliyezigomesha. Nataka niwepo nisikie."