Mjane Aliyesema "Nimesikia"

Nilikuwa nafundisha Kiswahili kidato cha pili, katika sekondari ya kata huko Murusagamba. Nyumbani wanafunzi wangu waliongea Kihangaza, wengine Kirundi. Nikiwapa habari ya ufahamu ya ukurasa mzima, nusu ya darasa iliishia aya ya kwanza. Basi nikaanza kuitumia akili mnemba ya kwenye simu inirahisishie. Ukurasa ukawa mistari kumi. Alama zikapanda. Mkuu wa shule alinipongeza kikaoni, nami sikumkatalia.

Siku moja niliwapa habari ya mjane aliyefuatwa na shemeji yake akitaka apewe shamba la migomba. Kitabu chenyewe sikukisoma. Nilipiga picha tu, simu ikafupisha habari na kutunga maswali. Swali la tatu: Kwa nini mjane alikubali kutoa shamba? Darasa zima lilijibu. Nikawapa vema.

Kesho yake msichana mmoja alinifuata ofisini na kitabu chenyewe, alichoazima kwa dada yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Huyu mama hakukubali."

Akanionyesha. Kitabuni, shemeji alipomaliza kuomba, mjane alisema, "Nimesikia," akaendelea kupepeta maharage.

"Sasa hapo si amekubali?"

"Hapana, mwalimu. Mama yangu akisema hivyo, jambo limekwisha. Baba mdogo alikuja mara tatu kuomba shamba letu. Siku hizi haji."

"Na wewe kwenye swali la tatu uliandika nini?"

"Kwamba alikubali kwa heshima. Ulinipa vema."

Niliisoma ile habari kitabuni palepale, yeye akiwa amesimama. Kisha nikaenda darasani nikaomba madaftari, nikafuta vema za swali la tatu, moja baada ya nyingine. Waliniangalia kama mtu anayeugua.

Tukausoma ukurasa mzima. Ulitumalizia vipindi vitatu, na katika jaribio lililofuata alama zilishuka. Lakini katika kipindi cha mwisho cha kuusoma, mwanafunzi mmoja ambaye mwaka mzima hakuwahi kunyoosha mkono alisoma kwanza ile mistari kumi ya simu, akaushika mkondo wa habari, ndipo akaingia kitabuni. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kumbe kulikuwa na maharage!"

"Yalikuwepo."

"Sasa mbona simu iliyatoa? Mtu anayepepeta hajainua hata macho. Huyo amekataa."

Mwenzake akapinga: mkubwa akiomba, huwezi kumkatalia usoni, ndiyo maana akajibu vile; hakukataa. Wakaanza kubishana, Kiswahili kilipowaishia wakaingia Kihangaza. Mwalimu wa Hisabati alikuwa ameshafika mlangoni na chaki yake. Nilimwomba dakika tano.