Umepita Kwetu

Kabla hujaanza kucheka, jua kwamba mimi sinywi pombe, na haya hayakunipata usiku. Ilikuwa saa tisa mchana, siku ya kazi, na nguo zangu zilikuwa zimelowa mvua ya kawaida kabisa. Wengi wakisikia huniambia nilisinzia. Nani anasinzia juu ya pikipiki, tena mtu aliyepata leseni juzi?

Na hiyo leseni niliitafuta kwa haki. Kazi yangu ni kupima majani kwenye vituo vya kununulia chai, na nilikuwa nimechoka kutembea kutoka kituo hadi kituo. Nikajiandikisha shule ya udereva mjini Kericho. Nilisukuma vigari vya kuchezea kwenye ule ubao wa mji wa mfano mpaka nikawa naiota raundabauti. Siku ya mtihani nilizunguka koni zote bila kuangusha hata moja. Mwalimu wetu, mzee Langat, alinipa mkono akaniambia, "Sasa nunua ndogo, ile miguu yako yote miwili inakanyaga chini. Kubwa itakuja baadaye."

Nilimsikia? Kichwa kilikuwa kimevimba. Nilionyeshwa kapikipiki kazuri, kapya, kepesi, nikasema hako ni ka mwalimu wa chekechea. Kisha kule Sigowet broka mmoja akafunua turubai nikaona ile nyekundu. Ndefu, tangi linang'aa, kiti kimeshonwa upya. Nilipoipanda, ni vidole tu vilivyogusa chini. Broka akasema mwenyewe hayuko tena upande huu. Mimi sikuuliza alikwenda wapi, wala pikipiki ilitoka nyumba gani. Hadi leo hilo linaniuma, maana swali lenyewe lilikuwa fupi.

Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri, isipokuwa gia ya tatu ilikuwa inakataa kuingia. Kisha kazini wakanihamishia vituo vya Kimulot, kule juu karibu na msitu. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwani kuja kuchuma chai, kwa hiyo Kimulot sikuwa na mtu wa kunijulisha habari za wenyeji. Siku yangu ya pili huko ukungu ulishuka na manyunyu, barabara ikawa utelezi mtupu, chai huku na chai huku. Kwenye kona nikamwona mtu wa umri kama wangu, amevaa koti la mvua la njano, ameukumbatia mfuko wa karatasi kifuani. Hakuinua mkono kunisimamisha. Nilipopunguza mwendo kwa ajili ya kona alirusha tu mguu akapanda, kama mtu anayeingia kwake.

"Nipeleke nyumbani, bosi. Ni hapo mbele tu. Mathe anangoja dawa."

Nilitaka kumwambia sijazoea kubeba abiria, lakini nikaona aibu. Tukaenda. Niamini, pikipiki haikubonyea hata kidogo. Nikajiambia jamaa ni mwepesi. Kwenye mlima gia ikakataa kama kawaida, na yeye akasema sikioni mwangu, kwa upole, "Hiyo ya tatu usiilazimishe. Shika klachi, kanyaga mara mbili." Nikafanya hivyo, ikaingia bila kelele. Mwezi mzima fundi alikuwa ameshindwa! Huyu alijuaje? Ndipo nikatazama kwenye kioo cha pembeni. Nyuma yangu palikuwa na barabara na ukungu, koti la njano halikuwepo. Na bado mikono yake ilikuwa mabegani mwangu, baridi, ikinishika vile abiria yeyote hushika.

Unadhani nilipiga kelele? Nilikaza mikono kwenye usukani tu.

"Hapo kwenye ua wa michongoma," akasema. "Ingia mpaka mlangoni."

Nyumba ilikuwa karibu na barabara. Mwanamke mzee alikuwa amekaa kwenye stuli barazani, shuka mabegani. Aliposikia injini alisimama upesi, akashika nguzo, akainua mkono. Sijawahi kuona mtu mzima akifurahi vile. Nami nikaongeza mwendo, nikapita.

"Ndugu, umepita kwetu," akasema nyuma yangu.

Nikainama juu ya tangi, nikaendelea.

"Ndugu. Umepita kwetu."

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alisema tena mara ya tatu tulipofika darajani, kwa sauti ya chini sana, kisha mabega yangu yakawa mepesi.

Kesho yake kituoni, mama mmoja aliyeleta majani aliiona pikipiki akatua kikapu chini. "Hii si ni ya Kiprono?" akaniuliza. "Wewe ulitoa wapi?"

Akanieleza. Kiprono aliteleza akafa kwenye ile kona mwaka jana, akitoka kumnunulia mamake dawa. Ndugu zake wakaiuza pikipiki haraka, matanga hata hayajaisha, bila kumuuliza yule mama mzee. Tangu hapo yeye hukaa barazani akisikiliza kila injini inayopita.

"Na jana Kogo aliambia watu kijana wake amekuja," akasema. Kogo ni bibi, ndivyo wote wanavyomwita pale. "Eti amekuja halafu akapita. Amelia usiku wote."

Jioni hiyo hiyo nilikwenda. Niliingia mpaka mlangoni, nikamweleza yote, hata kwamba niliogopa. Alisikiliza huku akilipapasa tangi. Kisha akauliza jambo moja.

"Alikuwa na dawa?"

"Ndiyo, Kogo. Alikuwa ameikumbatia."

Nikamwambia achukue pikipiki yake, sitaki kitu. Akakataa. "Nani ataendesha? Mimi? Wewe pita nayo tu hapa. Lakini usimame."

Basi nasimama. Dawa zake namletea mimi siku hizi. Ile kona nimeipita kwenye ukungu na kwenye jua, nimezima injini nikangoja, nimeita jina lake kwa sauti mpaka wachuma chai wakanishangaa. Hakuna anayepanda.

Wewe mwenye leseni mpya mfukoni, chukua ndogo. Ukitamani iliyotumika, nenda mpaka nyumba ilikotoka, unywe chai yao, uulize nani alikuwa akiiendesha na nani bado anaingoja. Na abiria akikuambia hapa ndipo kwetu, simama, hata kama humwoni. Utaogopa dakika moja tu, yataisha. Mimi nafika pale kila jioni, na kila jioni Kogo hutazama kiti cha nyuma kwanza, ndipo ananisalimia.