Viroba vya Mtaa Usiotikisika

Mradi wa ustahimilivu ulipoingia mtaani kwetu, huku juu ya Mbezi, tulianza kwa kula. Kwa hilo sina lawama. Tulipelekwa hotelini Mbezi Beach, tukakalishwa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kikali mpaka wamama wakajifunika khanga, tukafundishwa mafuriko. Mwezeshaji, kijana wa suti kutoka ofisi ya mradi, akauliza jamii stahimilivu ni ipi. Jirani yangu akaninong'oneza, "Si sie, tunaosubiri chakula tangu asubuhi?"

Tulirudi na fulana za kijani, mgongoni zimeandikwa MTAA WETU HAUTIKISIKI. Mama yangu aliikunja yake akaiacha kwangu, akasema hiyo nguo ya kufanyia usafi.

Lakini hakuna aliyeutaka mradi ule ufanikiwe kama mama. Alikuja mjini kutoka Newala na chuma chake cha kupikia vitumbua, na kwa vitumbua hivyo akajijengea chumba kimoja nyuma ya nyumba yetu. Nilimsihi akae ndani na sie, mimi na mume wangu. Alikataa katakata. "Mie nilale chini ya paa la mkwe? Mnataka watu wanionaje?" Basi akajenga kule uani, ukingoni mwa mto, maana ndiko kulikobaki nafasi. Mto wenyewe sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, vijana wanachezeaga mpira humo. Masika ikifika ndiyo mnakumbuka kuwa ni mto, na kila masika ulimega ukingo, ukizidi kusogelea dirisha la mama.

Kamati ya mradi ikaamua kujenga ukuta wa viroba vya mchanga chini ya chumba chake. Mama alishukuru mpaka akalia. Ila mwenyekiti wa mtaa alipokagua, akaona pale gari la mgeni rasmi halifiki. Ukuta ukasogezwa kwa jirani, penye njia nzuri na mwanga wa kupigia picha.

Viroba vikaja vitupu. Spika za uzinduzi zilikuwa kwenye bajeti, mchanga haukuwemo. Mwenyekiti akacheka. "Jamani, mchanga si huo hapo?" Hakuna aliyeshtuka. Kwetu nyumba zote zimejengwa kwa mchanga wa mto, tunauchota tangu tuhamie. Tukashuka na makoleo, tukachimba chini ya chumba cha mama, maana ndipo palipokuwa jirani na ukuta, na nani abebe kiroba kutoka mbali? Mama mwenyewe alishika koleo la kwanza. "Tieni bidii wanangu, mnaniokolea chumba!"

Na tulitia bidii, si mchezo. Lilibaki shimo la kumzamisha mtu mzima. Mgeni rasmi akakata utepe, akapiga picha na viroba, akaondoka.

Masika ikaja. Mvua ilinyesha mfululizo, mto ukashuka na magodoro ya watu wa juu. Sie tukasimama na miavuli tukivishangilia viroba. Wallahi havikutikisika! Maji yalivigonga yakageuka, yakaingia moja kwa moja kwenye shimo letu. Nikasikia ukuta wa chumba cha mama ukipasuka. Alikuwa nje tayari, lakini akageuka kukimbilia ndani. "Chuma changu!" Nilimkumbatia kiunoni, akanipiga viwiko, nikagoma kumwachia. Chumba kikateremka mtoni mbele ya macho yetu, na bati lake, na kitanda chake. Nililia kwa hasira, na mpaka leo sijui nilimkasirikia nani zaidi.

Mvua zilipokatika tukaitwa kikao cha tathmini. Mwezeshaji akatupongeza, viroba vyote vipo. Mwenyekiti akasimama. "Awamu ya pili tunaongeza ukuta. Na mchanga msiwe na wasiwasi. Pale kilipoangukia chumba cha mama yetu, maji yameleta mchanga safi, mnene, haujawahi kutokea!"

Mama akanyanyuka. Nikajua leo ataangusha matusi ya Kimakonde, na nikatamani ayaangushe.

"Mwenyekiti, chimbeni," alisema. "Ila mkikuta chuma changu cha vitumbua, naomba mnirudishie. Na mlango wangu. Nimechoka kulala kwa mkwe."

Watu wakaangua kicheko, makofi yakapigwa. Mwezeshaji akamwonyesha kwa mkono wote. "Mnamwona mama? Huo ndio ustahimilivu!"

Mama hakucheka. Alikaa taratibu kwenye kiti chake cha plastiki. Magauni yangu alikuwa ameyakataa, kisa yamenunuliwa na mkwe, kwa hiyo alikuwa amevaa nguo pekee iliyobaki kuwa yake, ile fulana ya kijani.