Fisi Aliyesingiziwa Beberu wa Kanisa

Ulimi hauna mfupa, na wa Kalunde haukuwa hata na breki. Pale kisimani Migwani, kabla mtungi wako haujajaa, ungekuwa umeshajua binti wa nani amerudi kwao na sanduku, na ni nani amepaka nyumba rangi wakati ng'ombe wake wanahesabika mbavu. Alikuwa mjane wa miaka sabini hivi, mfupi, goti moja bovu, mwimbaji wa sauti ya pili katika ushirika wa akina mama, na tuseme ukweli, watu walimwogopa kuliko chifu.

Ulimi huo ndio uliomponza. Baada ya mavuno, muumini mmoja alitoa beberu kanisani, mnono kweli, apigwe mnada Jumapili iliyofuata ili paa la kanisa limaliziwe. Mzee wa kanisa Nzau akaombwa amhifadhi kwake. Jumapili ikafika, Nzau akaja mikono mitupu na uso wa matanga, akatangaza kwamba fisi amemla beberu wa Bwana. Watu wakampa pole. Kalunde akasema kisimani, mbele ya akina mama wote, kwamba fisi huyo lazima alikuwa amevaa viatu. Wakacheka mpaka maji yakamwagika.

Kufikia jioni Nzau alikuwa amesikia. Baraza la wazee likaketi, na mwenyekiti wake nani, kama si Nzau mwenyewe? Likamtenga Kalunde na meza ya Bwana miezi mitatu kwa dhambi ya kusengenya. Akavuliwa kitambaa cha ushirika, akahamishiwa benchi la nyuma kabisa, pamoja na walevi waliookoka juzi.

Usidhani ni jambo dogo. Aliyetengwa akifa, pasta haji na ushirika haumwimbii. Kalunde alikuwa amewaimbia wafu wa Migwani karibu wote, hata wale ambao hakuwapenda wakiwa hai. Kuwaza kwamba yeye atafukiwa kimyakimya, akina mama wakiwa makwao wanakoroga uji, kulimtia hofu mpaka mifupani. Basi akanyamaza. Miezi mitatu alichota maji kama bubu, na kisima kikapooza kabisa.

Jumamosi ya mwisho kabla ya kurudishwa kundini, tamasha la vitabu la watoto lilikuwa kwenye uwanja wa shule. Mratibu wake, Mutanu, binti wa Kitui mjini mwenye miwani na raba nyeupe, alikuwa amepanga kila kitu: hema la vitabu, vijana wa sekondari wa kusoma mashairi yao, mashindano ya kusoma kwa sauti. Kitu ambacho hakupanga ni kwamba mtambaji wa ngano aliyealikwa kutoka Makueni angepiga simu asubuhi kusema gari limemfia njiani, huko Kabati, na kipaza sauti nacho kingegoma. Akakimbia madukani kuuliza ni nani hapa anaweza kuwashika watoto wa uwanja mzima kwa koo lake tu. Maduka yote yakamtajia mtu mmoja. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba mtu huyo yuko chini ya adhabu. Labda walisahau, au labda walikuwa wamechoka na kile kimya cha kisimani.

"Susu, ni hadithi moja tu," Mutanu akamwomba, akimwita bibi kwa Kikamba.

"Mimi siku hizi sisemi kitu, mwanangu."

"Si ya watu, susu. Ni ya wanyama. Sungura, fisi, hizo za zamani."

Za zamani Kalunde hakuwa nazo. Aliokoka akiwa msichana, mhubiri akawaambia ngano za mazimwi ni za shetani, naye akazitupa zote pamoja na shanga za kiunoni. Lakini fisi alipotajwa, kitu kilimwasha kooni. Biblia imekataza kumsengenya jirani, akajiambia. Mnyama haikumtaja.

"Fisi alikuwa kitandani," akaanza, "anaumwa na jino."

Jino gani hilo! Fisi hajatafuna mfupa tangu mvua za kwanza, anakunywa uji wa wimbi kwa mrija, shavu limevimba. Ghafla anasikia kijiji kizima kinasema amekula beberu wa watu. Anazunguka nyumba kwa nyumba akifungua mdomo: nitazameni, ningemtafunaje? Anakwenda kwa chifu, anakwenda zahanati kuomba barua ya daktari. Kalunde akachechemea na goti lake bovu, akashika shavu, akalia kilio cha fisi aliyesingiziwa. Watoto walibingirika nyasini. Vijana wa kidato cha tatu, waliokuja kwa sababu ya soda tu, wakaweka simu mfukoni na kusogea mbele. Wazazi walicheka kwa namna nyingine, wamejiziba midomo kwa leso, na wote walikuwa wanatazama hema la wageni. Huko, kwenye kiti cha plastiki, Mzee Nzau aliketi kama mwanakamati wa shule.

Msichana wa darasa la saba, Kaltun, ambaye babake hununua mbuzi soko la Tseikuru, akainua mkono.

"Susu, fisi hawezi kufungua fundo. Hiyo kamba ya beberu ilikuwa imekatika ama imefunguliwa?"

Kalunde akamtazama Nzau. Hakukusudia, macho yalikwenda yenyewe.

"Ilifunguliwa," akasema, "tena ikakunjwa vizuri."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Hapo ndipo Kalunde alipogutuka na kuona amefanya nini.

Watoto walivamia hema la vitabu wakidai kitabu cha fisi mwenye jino. Hakikuwepo. Mutanu, aliyeshinda asubuhi nzima akiwabembeleza washike vitabu, akawagawia karatasi: basi kiandikeni ninyi. Wakaandika, wakachora, kazi zao zikaanikwa ukutani, na baadhi ya mafisi yale yalikuwa yamevaa tai shingoni, kama mzee wa kanisa. Mutanu alifurahi mpaka akataka kulia. Kalunde naye alitaka kulia, kwa sababu zake.

Jumapili akaenda kanisani kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Pasta Gedion, kijana mgeni ambaye hakujua la fisi wala la viatu, akamwita mbele na kuuliza kama kuna mwenye neno juu ya mama huyu. Nzau akasimama.

"Jana, mbele ya watoto, huyu mama amesengenya tena."

"Amemsengenya nani, Mzee?" pasta akauliza, kwa moyo mweupe kabisa.

Nzau akafungua mdomo. Mabenchi ya mbele, ya watoto, yakageuka yote kumtazama kwa hamu, maana nao walitaka kujua.

"Hakuna," akasema hatimaye, akaketi.

Kalunde akarudishiwa kitambaa chake. Alikuwa ameshinda, na ushindi ule ulimnogea kuliko wokovu wenyewe. Meza ikaandaliwa, na zamu ya kubeba sinia la vikombe ikawa ya Nzau. Akamfikia na kumnyooshea sinia. Kalunde akaandaa tabasamu la kumkondesha. Nzau akainama sikioni mwake.

"Nilimuuza kwa ajili ya hospitali," akanong'ona. "Mama Kasiva. Ana uvimbe wa titi, na hataki mtu ajue."

Kalunde akageuza shingo. Mama Kasiva, mke wa Nzau, alikuwa kwenye benchi la ushirika, amejifunika shali nzito katika joto lile, anaimba. Siku ile ya viatu alikuwepo kisimani, akacheka pamoja nao, tena kwa sauti. Kalunde akaona aibu ambayo baraza zima la wazee halikuweza kumpa kwa miezi mitatu.

Nje akina mama wakamzingira, njaa ya miezi mitatu machoni.

"Nzau alikunong'oneza nini?"

Katika maisha yake yote hakuwahi kushika habari nzito kama ile, tena akiwa nayo peke yake. Ilimwasha kuanzia kifuani mpaka ncha ya ulimi.

"Alisema ninywe haraka," akajibu. "Watu wanangoja."

Kisha akamwita Mama Kasiva amshike mkono waende pamoja, maana goti linamsumbua.