Gitaa Lililonyolewa

Wembe, kinyozi wa pale konani penye kioo kilichopasuka, alikuwa na wivu wa kipuuzi, na wivu wenyewe ulitokana na gitaa.

Binti yake anayefanya kazi mbali alimtumia mama yake boksi. Ndani mlikuwa na gitaa la umeme la kujiungia mwenyewe: kiwiliwili cha mbao nyeupe, shingo, nyaya na kifuko cha skrubu. Mama mtu, enzi za usichana, alikuwa akipiga gitaa kwaya nzima ikimtegemea, mpaka mchwa walipolitafuna. Alilikumbatia boksi lile akasema, "Kaka yangu atalipiga msasa, halafu tulipake rangi."

Kaka mtu ni seremala, tena mwenye maneno. Kila kilichosimama nyumbani mwa Wembe, kuanzia kitanda mpaka stuli ya jikoni, kilitoka mikononi mwake, na hachoki kukumbusha watu. Wembe akaona sasa imetosha. Kwani yeye ni pambo la nyumba?

"Nitalipiga msasa mwenyewe," alisema. "Kazi yangu miaka yote ni kulainisha."

Mkewe alimtazama juu mpaka chini. "Haya, baba watoto. Jumamosi nakuja kulipapasa. Nikikuta hata mkwaruzo mmoja, linakwenda kwa kaka."

Basi Wembe akalipeleka kazini, akaibandika shingo kwa gundi, akaliketisha kwenye kiti cha pili na kulifunga kitambaa cha kunyolea, maana hajui kufanya kazi kwa namna nyingine. Akapiga msasa kama anavyonyoa: kwanza kwa kufuata ndevu zinakolala, kisha kwa kukata upande, kisha kinyume, kwa sababu ndevu haziishi mpaka uzirudie kinyume. Vumbi likamjaa hadi masikioni. Alipopapasa kwa mgongo wa kidole, mbao ilikuwa laini kama shavu la mtoto. Akacheka peke yake.

Na kwa kuwa hakuna kidevu kilichowahi kuondoka kwenye kiti kile bila spiriti, akaimimina kiganjani, akalipiga gitaa makofi mawili ya kulipaka.

Lahaula. Mbao ilipolowa, mikwaruzo yote ikajitokeza, imekata nyuzi za mbao kulia na kushoto kama uwanja uliopekuliwa na kuku. Pale shingoni doa la gundi likang'aa, doa ambalo rangi haitalishika hata uibembeleze. Spiriti ikakauka, mbao ikajifanya haijui kitu. Lakini Wembe alishaona: rangi ikigusa tu, aibu ile itarudi, na safari hiyo haitakauka. Roho ikamuuma. Alitaka kitu kimoja tu mle nyumbani ambacho mkewe angekishika akasema, hiki kimetengenezwa na mume wangu.

Hapo mlango ukasukumwa. Nani kama si shemeji yake seremala. Wembe akapandisha kitambaa haraka, akatupia taulo kichwani mwa gitaa.

"Shikamoo mzee," seremala aliamkia kiti cha pili huku akiketi.

"Amelala," Wembe alisema. "Halafu hasikii vizuri."

"Amekonda sana. Anaumwa?"

"Ngozi. Imekwaruzika vibaya." Akampaka shemeji povu kidevuni. "Hivi shemeji, mbao ikikwaruzika, dawa yake nini?"

"Hapo mtu amesugua kwa kukata nyuzi. Mjinga gani huyo?"

"Mteja wangu mmoja."

"Mwambie arudie na msasa mpya, kufuata nyuzi tu, mpaka alama ziishe. Kama kuna gundi, aikwangue kwa kitu chenye makali."

Ndipo taulo likateleza. Seremala akaona kwenye kioo mzee asiye na uso, mwenye matundu sita ya kukazia nyuzi. Akafungua kinywa acheke, akakuta wembe uko kooni.

"Usicheke, shemeji," Wembe alisema kwa upole. "Utajikata."

Seremala akameza kicheko, nacho hakikushuka vizuri. Alipoondoka tu, Wembe akarudia kwa msasa mpya, kufuata nyuzi, akaikwangua gundi kwa wembe, kisha akapaka spiriti tena kuhakikisha.

Jumamosi mke alikuja, na kaka yake nyuma, kwani angekosaje? Mke akafungua kitambaa, akapapasa mbao kwa kiganja, kisha kwa shavu. Wembe alitazama sakafu.

"Limetoka safi, eh?" seremala alishindwa kuvumilia. "Mkono wangu huo, dada. Bila mimi hapo pangekuwa pa kulia."

Wembe akajishughulisha kukunja taulo. Angesema nini, na ushauri aliomba kweli?

Mke aliinama, akanusa pale shingo inapoingia kwenye kiwiliwili. Akanusa tena.

"Kaka," alisema, "tangu lini wewe unapaka mbao spiriti ya ndevu?"

Seremala akaanza kujikuna kidevu.

Mke alimgeukia Wembe, akamfuta vumbi sikioni kwa ncha ya kanga yake. "Rangi nyekundu," alisema. "Na uipake wewe, mume wangu. Huyu akitaka kusaidia, aketi hapo anyolewe."