Ng'ombe wa Shangazi

Miaka ile ya ruksa, pamba yetu ilipoanza kununuliwa na kila mwenye mizani na lori, Bariadi mjini walijitokeza watu wenye moyo wa kusaidia. Serikali ilikuwa inatuambia tuchangie dawa, tuchangie madawati, tuchangie kila kitu, basi wafanyabiashara wachache, walimu wastaafu na katekista mmoja wakaanzisha chama cha hisani. Mimi nilikuwa karani wao. Nilikuwa na taipureta iliyong'oka herufi moja, na nilijiona waziri.

Mikutano ile ya Alhamisi naitamani mpaka leo. Tulikaa kwenye ghala la pamba tuliloazimwa, juu ya magunia, tukitafuna michembe ya viazi vitamu na karanga huku tukisoma fomu za vijiji. Hawa wanataka choo cha shule, wale mashine ya kusaga, wengine kisima. Uwezo wetu ulikuwa jambo moja kwa mwaka, kwa hiyo tulibishana mpaka chai inapoa. Posho hakuna. Siku hizi ukiitisha kikao bila posho utaongea na viti.

Tulijiwekea sheria kwamba mwenye ndugu katika kijiji kinachojadiliwa atoke nje. Fomu ya kwanza kabisa iliposomwa, akatoka mwalimu, akatoka mwenye duka, nikatoka mimi, wakatoka wote. Akabaki mwenyekiti na sahani ya karanga. Baada ya muda naye akatoka, anasema amekumbuka ana mkwe kule. Wasukuma sisi, utampata wapi asiye na ndugu? Tukaibadilisha: ndugu wa mbali wasihesabiwe, na mwenye ndugu wa karibu abaki ndani, ila afunge mdomo.

Ndipo ikaja fomu ya wanawake wa Nkololo, wanaomba kisima cha pampu. Kiongozi wao alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, mjane aliyenilea tangu nikiwa mdogo. Kiangazi alikuwa anaamka alfajiri kwenda kufukua mchanga wa mtoni, anasubiri maji yajikusanye, anachota kata kwa kata, na kiuno kilikuwa kimeanza kumkatalia. Fomu iliuliza kaya zenu zina mali gani. Shangazi akamwambia mwalimu wa kijiji aandike kwamba ng'ombe wapo, mazizi yamejaa.

"Hawa akina mayu, mama zetu hawa, wanajiweza," mwenyekiti wetu akasema. "Wauze ng'ombe wawili watatu wajichimbie. Tuwape wasio nacho."

Ukweli niliujua. Ng'ombe wale walikuwa wa shemeji zake. Kwetu mtu huweka ng'ombe wake kwa jamaa. Anayewatunza anapata maziwa na samadi, na wapita njia wakiona zizi limejaa wanamsalimia kwa adabu. Hana haja ya kutangaza kwamba si wake. Kamati nzima ilikuwa inaijua desturi hiyo, lakini nani angethubutu kuuliza ng'ombe walio zizini mwa mtu ni wa nani? Nami nikafunga mdomo kama sheria ilivyotaka. Kisima kikaenda kijiji kingine. Nilikasirika, nikamkasirikia shangazi kuliko wote.

Jumamosi nikamfuata. Nikamwambia, "Shangazi, mwakani sema huna ng'ombe."

Akacheka. "Mwanangu, asiye na ng'ombe nani atamsikiliza? Watanipa maji au watanionea huruma?"

"Vyote viwili."

"Basi huruma yao wabaki nayo."

Mwaka uliofuata nikaipeleka fomu mwenyewe. Nikamuuliza maswali mbele ya wenzake, akajibu vilevile, mazizi yamejaa. Mimi nikatikisa kichwa kukubali, nikaandika: wajane maskini, hawana hata ndama. Shangazi hakujua kusoma. Akaweka dole gumba mahali nilipomwonyesha, akanishukuru kwa taabu niliyopata. Ghalani fomu ilipita bila ubishi, nami nimekaa kimya kwenye gunia langu, moyoni nashangilia.

Siku ya kufungua pampu kijiji kizima kilikuja, na mashemeji wa shangazi wakaja. Yeye alisimama mbele na kitenge kipya na ndoo mkononi, maana ndiye angeteka wa kwanza. Mwenyekiti wetu, kwa nia njema kabisa, akatoa ile fomu mfukoni ili watu wajue kwa nini wamechaguliwa. Akaisoma kwa Kisukuma, taratibu, asipitwe hata mtoto. Wajane maskini. Hawana hata ndama. Mashemeji wakatazamana.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi pamoja na wenzake. Kisha akampa jirani yake ile ndoo na kumwambia, "Anza wewe." Akanitazama mara moja tu.

Pampu ile iliwatoa wanawake wa Nkololo mtoni, na nikipita kule nikaona foleni ya ndoo bado nafurahi. Ila yeye hakuteka pale hata siku moja. Alikwenda mtoni mpaka alipofariki, mkono kiunoni, akiwapita wenzake pampuni na kuwasalimia vizuri. Hakunisema, nami sikupata ujasiri wa kumwomba radhi. Kila nilipomtembelea alinikaribisha kwa kata ya maji ya mtoni, akasimama mbele yangu mpaka niyamalize.